Sauti ya Mamlaka na Ukimya wa Sababu: Uhakiki wa Habari za Sayansi, Teknolojia na Elimu za Mwandishi wa Kujitegemea Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki umbo la habari za sayansi, teknolojia na elimu zinazoandikwa kwa Kiswahili na mwandishi wa kujitegemea anayefanya kazi Bariadi na katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu. Lawama iliyozoeleka ni kwamba habari hizo ni chapwa kwa sababu mwandishi haijui sayansi. Makala yanaipinga lawama hiyo. Kwa kutumia mkabala wa Uchambuzi Hakiki wa Usemi, yanaonesha kwamba udhaifu mkubwa umo katika kanuni za utanzu wenyewe, ambazo humpa kiongozi nafasi ya mtenda, humgeuza mkulima na mwalimu kuwa watendwa, na huiacha sababu ya kisayansi nje ya sentensi. Mifano inatokana na kilimo cha pamba, utabiri wa mvua, istilahi za viuatilifu na malisho, na habari za shule. Makala yanahitimisha kwamba mwandishi wa kujitegemea analijua shamba kuliko habari yake inavyoonesha, na kwamba kazi ya uhakiki ni kueleza ujuzi huo unapotelea wapi.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu wakazi 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Upande mmoja Busega inagusa Ziwa Victoria, na upande mwingine mkoa unapakana na mbuga za Serengeti. Katikati ni nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe, na lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kisukuma.

Kwa anayeishi humo, sayansi haiishii darasani. Ni funza wa vitumba anayeitoboa pamba kabla haijapasuka. Ni mvua inayokatika wiki mbili baada ya mbegu kufukiwa. Ni maji ya Ziwa Victoria yanayotarajiwa kuvutwa hadi vijiji vyenye kiu, kwa mradi ambao sehemu ya fedha zake iliidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Ni mtoto anayesoma Kemia ya kidato cha pili kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya kusoma Sayansi kwa Kiswahili. Habari kuhusu mambo haya zina uzito unaozidi ule wa kujaza ukurasa, kwa kuwa mtu huweza kupanda, kupulizia dawa au kumhamisha mtoto shule kwa sababu ya habari aliyoisoma gazetini au kuisikia redioni.

Habari nyingi za aina hii kutoka mikoani huandikwa na mwandishi wa kujitegemea. Huyu hana ajira ya kudumu katika chombo chochote. Hulipwa kwa habari iliyotoka, na ambayo haikutoka haina malipo. Hana dawati la sayansi. Yeye peke yake ndiye dawati la mahakama, la siasa, la ajali, la michezo na la kilimo. Asubuhi huweza kuwa kwenye kikao cha baraza la madiwani, mchana kwenye shamba la mfano, na jioni akatafuta umeme wa kuchajia simu ili atume picha. Mtu huyu ameandikiwa machache katika taaluma ya uhakiki, ambayo kwa kawaida huelekea kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi. Hata hivyo, kama usomaji ni kipimo, nathari yake huenda inasomwa na watu wengi kuliko riwaya.

Inafaa kubainisha mipaka. Kinachohakikiwa hapa ni utanzu, wala si mwandishi mmoja au gazeti moja. Sentensi za mfano zilizotumika zimeundwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata ruwaza ambayo msomaji yeyote wa magazeti ya Kiswahili ataitambua. Hazikunukuliwa kutoka chombo chochote.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala yanaongozwa na Uchambuzi Hakiki wa Usemi kama ulivyoendelezwa na Norman Fairclough, ambaye anapendekeza matini ichunguzwe katika ngazi tatu: matini yenyewe, mchakato wa kuizalisha na kuipokea, na mazingira ya kijamii yanayoizunguka. Ngazi ya kwanza inaelekeza macho kwenye sarufi: nani ni mtenda, nani ni mtendwa, kitenzi gani kimechaguliwa. Ngazi ya pili inauliza habari imepatikanaje na kwa gharama ya nani. Ngazi ya tatu inauliza umbo hilo linadumisha uhusiano gani wa mamlaka.

Mkabala huo unakamilishwa na hoja ya Galtung na Ruge, ambao mwaka 1965 walichunguza namna magazeti ya Norwei yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Miongoni mwa mambo waliyobainisha ni kwamba tukio linalomhusu mtu mkubwa lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa habari. Hoja hiyo ilitokana na habari za kimataifa, lakini inaihusu Bariadi pia: jambo la kisayansi huvuka kizingiti cha habari pale tu mtu mwenye cheo anapolitamka.

3.0 Sarufi ya Agizo

Tazama sentensi hii ya mfano: "Mkuu wa wilaya amewataka wakulima wa pamba kuzingatia kanuni bora za kilimo, ikiwa ni pamoja na kupanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, ili kuongeza tija." Kisarufi sentensi haina kosa. Kihabari inatimiza masharti: ina mtu, ina jambo, ina lengo. Lakini ikichambuliwa inaonesha mpangilio wa mamlaka ulio wazi.

Kwanza, kiima ni cheo. Mwanasayansi aliyefanya jaribio la nafasi hayumo, na kituo cha utafiti hakitajwi. Pili, wakulima wamebanwa katika kiambishi -wa- cha kitenzi "amewataka". Wamo kama wapokeaji wa takwa. Tatu, maarifa yenyewe yamewekwa katika kitenzi-jina, "kuzingatia" na "kupanda", umbo lisilo na njeo wala nafsi. Haijulikani nani alipanda hivyo, lini, wapi, na alivuna kiasi gani. Nne, neno "tija" limefunga sentensi kama kwamba ni hitimisho la hoja, ilhali hoja haikutolewa. Kiungo "ili" kinaleta kusudio tu. Kiungo "kwa sababu" hakimo.

Ruwaza hiyo inaendelea katika ugavi wa vitenzi. Kiongozi "huwataka", "huwaagiza", "hubainisha" na "husisitiza". Mtaalamu "hueleza". Mkulima, akipata nafasi katika aya ya mwisho, "hulalamika", "huiomba serikali" au "huishukuru". Ni nadra mkulima "kubaini" kitu, na ni nadra zaidi "kupinga kwa hoja". Kwa hiyo hata mkulima aliyelima pamba kwa miaka thelathini huingia katika habari ya sayansi bila ujuzi wowote; huingia na shida na shukrani tu.

Kitenzi kingine kinachostahili kuhakikiwa ni "imebainika", ambacho hupenda kuanza habari. Umbo hili la kutendeka linaondoa kabisa mtenda. Katika sayansi, jambo likibainika, swali linalofuata ni "kwa njia gani?" Sampuli ngapi zilipimwa? Nani alipima? Gazetini, "imebainika" hulizima swali hilo. Dai la mtu mmoja kikaoni huvishwa joho la ugunduzi, na msomaji hana pa kushika akitaka kulipima.

4.0 Namba Zisizofanyiwa Hesabu

Inasemwa mara nyingi kwamba tatizo la habari za sayansi ni uhaba wa takwimu. Habari za Simiyu hazithibitishi hivyo. Namba zimo, kinachokosekana ni hesabu yake. Mfano mzuri ni ule wa nafasi ya kupanda pamba.

Kwa muda mrefu wakulima walishauriwa kupanda kwa sentimita 90 kati ya mistari na 40 kati ya mashimo. Ushauri mpya ni sentimita 60 kwa 30. Habari hutaja namba hizi kama namba ya agizo. Lakini hesabu yake ni ya darasa la saba. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Shimo moja katika nafasi ya zamani huchukua mita za mraba 0.36, hivyo ekari hupata mashimo yapatayo 11,111. Katika nafasi mpya shimo huchukua mita za mraba 0.18, na ekari hupata mashimo yapatayo 22,222. Ikiachwa miche miwili kila shimo, idadi ya mimea inapanda kutoka 22,222 hadi 44,444.

Sentensi mbili za hesabu hiyo zingebadili habari nzima, kwa sababu zingefungua maswali ambayo agizo linayafunga. Mashimo yakiwa maradufu, mbegu inayohitajika ni kiasi gani, na itafika lini? Nani atayachimba katika kaya ambayo pia inalima mahindi kwa wakati uleule? Mistari ikikaribiana hivyo, ng'ombe wanaokokota jembe la palizi watapita wapi? Mkulima anayesita kupanda kwa nafasi mpya huenda anayauliza maswali hayahaya kimoyomoyo. Habari inaposema kwamba wakulima "wanang'ang'ania kilimo cha mazoea", inaitafsiri hesabu ya mkulima kuwa ukaidi.

Swali jingine linahusu udongo. Kisukuma kina majina ya udongo yanayofuata mteremko wa ardhi: luseni, udongo wa kichanga wa upande wa juu, itogolo, wenye tabaka gumu, chini yake, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi bondeni. Mwanasayansi Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanganyika, alibuni katika miaka ya 1930 dhana ya katena kueleza mpangilio wa namna hiyo, na dhana hiyo ikaingia katika sayansi ya udongo duniani. Mkulima wa Itilima hahitaji neno katena ili ajue kwamba luseni haishiki maji kama mbuga. Mwandishi aliyezaliwa huko naye analijua hilo. Lakini agizo la sentimita 60 kwa 30 linapoandikwa, udongo wa aina zote unakuwa mmoja, na ujuzi ambao mwandishi na mkulima wanashirikiana hauna sentensi ya kukalia.

Mfano wa pili ni wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli na masika kwa maeneo yenye misimu miwili, Simiyu ikiwemo, kwa maneno yaliyopimwa: "juu ya wastani", "wastani" na "chini ya wastani". Wastani huo ni kipimo cha eneo husika, kinachotokana na kumbukumbu za miaka mingi. "Mvua kubwa", kwa upande wake, ni istilahi ya tahadhari ya muda mfupi inayohusu mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hivi ni vitu viwili. Msimu unaweza kuwa juu ya wastani bila siku hata moja ya mvua kubwa, na msimu wa chini ya wastani unaweza kuwa na siku moja ya mafuriko. Kichwa cha habari kinapoligeuza "juu ya wastani" kuwa "mvua kubwa kunyesha", kinatengeneza utabiri ambao hakuna mtaalamu aliyeutoa. Mkulima akipanda mbegu ya muda mrefu kwa kuamini kichwa hicho, na mvua ikagawanyika vibaya, lawama itaiendea Mamlaka. Imani katika utabiri ujao itapungua, na gazeti halitakumbukwa katika mashtaka hayo.

5.0 Istilahi kama Uwanja wa Hatari

Tumbo-Masabo na Mwansoko, katika kitabu chao cha mwaka 1992 kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili, wanaonesha kwamba kuunda istilahi ni kazi yenye kanuni. Mwandishi wa habari, hata hivyo, hana muda wa kusubiri kanuni. Neno linahitajika kabla ya saa kumi jioni. Hivyo yeye ni msambazaji wa istilahi, na wakati mwingine mwundaji wake, bila kuombwa.

Kuna ushindi wa kutaja. Neno "kishikwambi" lilienea kwa kasi wakati wa Sensa ya mwaka 2022, vifaa hivyo vilipotumika kuhesabu watu, na likaendelea kutumika serikali ilipoamua vigawiwe walimu. Mkulima wa Meatu ambaye hajawahi kukigusa anaelewa kinachosemwa. Hii ni kazi ya redio na magazeti kuliko ya kamusi.

Lakini kuna eneo ambalo istilahi inaweza kuumiza. Kemikali za kuulia wadudu wa pamba huitwa katika habari "dawa", "sumu", "viuadudu" au "viuatilifu" kana kwamba maneno haya yanabadilishana tu kwa ajili ya kuepuka urudiaji. Hayabadilishani. Viuatilifu ni jina la jumla linalojumuisha viuadudu, viuagugu na viuakuvu. "Dawa" ni neno la tiba. Linabeba wazo la kitu kinachoponya. Anayeambiwa "dawa imechelewa kufika" anapewa picha tofauti kabisa na anayeambiwa "sumu ya wadudu imechelewa kufika". Neno la kwanza halimwonyi kunawa mikono, kutopulizia akielekea upepo, wala kutohifadhi mafuta ya kula katika chupa iliyokwisha. Kwa mwanamtindo, kubadilisha maneno ni umaridadi. Kwa habari ya sumu, kubadilisha maneno ni uzembe.

Vivyo hivyo kwa neno "ekapaki", ambalo limekubalika sokoni na shambani kwa maana ya kifungashio cha kiuadudu kinachotosha kupulizia ekari moja. Neno ni zuri: fupi, linatamkika, na linabeba kipimo ndani yake. Hata hivyo habari za ugawaji hutaja idadi ya ekapaki zilizofika na kuishia hapo. Kipimo kilichomo ndani ya neno hakifunguliwi: ekapaki moja ni ya ekari moja kwa mpulizo mmoja, na ekari hiyo lazima iwe imepimwa. Anayekadiria ekari kwa hatua za miguu huweza kuipunja sumu, na mdudu asiyekufa kwa dozi pungufu ndiye anayebaki kuzaliana.

Kwa upande mwingine, lipo neno ambalo magazeti yameliacha lipotee bila sababu. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zisimame, kisha hufunguliwa kiangazi nyasi nyingine zinapokwisha. Mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao uliirudishia hadhi desturi hiyo katika nchi iliyokuwa imefyekwa miti kwa vita dhidi ya mbung'o na kwa upanuzi wa mashamba. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo. Neno la Kisukuma liliingia katika maandishi ya wanasayansi wa misitu duniani likiwa na umbo lake. Ajabu ni kwamba habari za Kiswahili za leo kuhusu malisho hupenda kusema "maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya malisho", maneno sita yasiyotaja msimu, ilhali msimu ndio kiini cha dhana. Hofu ya kuonekana wa kikabila imemfanya mwandishi alikimbie neno sahihi zaidi.

6.0 Elimu Iliyogeuzwa Ligi

Habari za elimu zinafuata sarufi ileile, zikiongezewa sitiari ya michezo. Mkoa "unapanda", shule "inaburuza mkia", wilaya "inang'ara". Katika Simiyu sitiari hii ilipata nguvu katika miaka ambayo uongozi wa mkoa ulihimiza kambi za kitaaluma, ambapo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja ili wafundishwe na walimu waliochaguliwa. Jambo hilo lilistahili kuandikwa sana, na liliandikwa. Lakini swali la kielimu lililomo ndani yake halikuwa la nafasi ya mkoa. Lilikuwa hili: ikiwa wiki chache za kufundishwa na mwalimu mzuri wa Fizikia zinainua matokeo, zinatuambia nini kuhusu miezi mingine ya mwaka ambayo mwanafunzi huyo hana mwalimu wa Fizikia? Kambi ilikuwa jaribio la kisayansi lililofanyika mbele ya macho ya waandishi, nao wakaripoti matokeo ya mechi.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa bora, likaachana na utaratibu wa miaka mingi. Uamuzi huo ulikuwa pia uhakiki, ingawa haukukusudiwa hivyo, wa habari za elimu. Orodha ilipoondoka, ilibainika ni kiasi gani umbo la habari lilikuwa limeegemea juu yake. Mwandishi aliyezoea kuanza na nafasi alilazimika kutafuta mwanzo mwingine, na mwanzo mwingine haukuwa umeandaliwa.

Vishikwambi vya walimu vinaonesha tatizo hilohilo kwa upande wa teknolojia. Picha ya makabidhiano ina mikono miwili na kifaa katikati. Maswali ya teknolojia yanaanza mikono inapoachana: kitachajiwa wapi katika shule isiyo na umeme, kimewekewa maudhui gani, na mwalimu atakitumia mbele ya watoto wangapi? Habari inayoishia kwenye makabidhiano ni habari ya utoaji. Habari ya teknolojia inahitaji safari ya pili, miezi sita baadaye.

Hata hivyo mfano wenye utajiri zaidi ni ule wa chaki. Chini ya kaulimbiu ya "Wilaya Moja, Bidhaa Moja", Maswa ilijulikana kwa mradi wa kutengeneza chaki kama Meatu ilivyojulikana kwa maziwa. Hapa sayansi, teknolojia na elimu zimekutana katika kitu kimoja kinachoshikwa kwa vidole viwili. Chaki nyingi za darasani hutengenezwa kwa jasi, yaani salfeti ya kalisi yenye maji ndani yake. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji tena hushika na kuwa mgumu katika kalibu. Ni kanuni ileile ambayo daktari huitumia anapomfunga plasta mtu aliyevunjika mguu. Sentensi hizo tatu ni somo la Kemia ambalo mwanafunzi wa Maswa angeweza kulisoma gazetini na kesho yake akaliona ubaoni. Katika umbo lililozoeleka, nafasi ya sentensi hizo inachukuliwa na orodha ya viongozi walioutembelea mradi.

7.0 Kwa Nini Umbo Hili Linadumu

Uhakiki unaoishia kwenye matini ungemwonea mwandishi. Ngazi ya pili na ya tatu za Fairclough zinadai ieleweke kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayelijua shamba, huandika kana kwamba halijui.

Sababu ya kwanza ni malipo. Anayelipwa kwa habari moja hupata kiasi kilekile kwa habari ya kikao iliyoandikwa kwa saa moja na kwa habari ya udongo iliyomchukua siku tatu na nauli ya kwenda kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza. Herufi UK katika jina la mbegu ya pamba UK 91 zinatokana na jina la kituo hicho, lakini nauli ya kukifikia haimo katika malipo ya habari. Kikao, kinyume chake, mara nyingi kina usafiri na posho. Anayegharimia safari huishia kuwa mhusika mkuu wa habari, hata bila kuomba.

Sababu ya pili ni usalama. Sentensi "mkuu wa wilaya amesema" ni ngao. Namba ikikosewa, imekosewa na aliyesema. Mwandishi wa kujitegemea hana mwanasheria wa kampuni, na mhariri wake yuko Dar es Salaam. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliweka adhabu kwa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi; mwaka 2019 sheria ililegezwa, lakini tabia iliyojengwa na hofu huchelewa kulegea. Hesabu ya mashimo 22,222 haina hatari yoyote kisheria. Mtu aliyezoea kutofanya hesabu yake mwenyewe, hata hivyo, hataifanya hata ile isiyo na hatari.

Sababu ya tatu ni lugha. Utafiti huandikwa kwa Kiingereza, mkulima huzungumza Kisukuma, na habari hutakiwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa Simiyu ni mfasiri wa pande mbili kwa wakati mmoja, bila kamusi ya upande mmoja na bila muda wa upande mwingine. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na taasisi za utafiti, zingeweza kumpunguzia mzigo kwa kutoa muhtasari wa Kiswahili wa kila utafiti unaogusa mazao ya mkoa. Bila hivyo, chanzo pekee cha Kiswahili kilichokwisha kutayarishwa ni hotuba ya kiongozi, na ndiyo maana hotuba hushinda.

Ni muhimu kutozidisha hoja hii. Mazingira yanaeleza umbo, hayalihalalishi lote. Kuchagua "imebainika" badala ya kumtaja aliyebaini hakuokoi nauli. Kuita sumu "dawa" hakumlindi mtu na sheria. Kuandika "ngitili" hakuhitaji posho. Maonesho ya Nane Nane yaliyofanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020 yaliwaleta watafiti, wahandisi wa zana na wagani hadi mlangoni pa mwandishi. Kwenye vipando vya maonesho palikuwa na mtu wa kuulizwa "kwa nini" bila kupanda basi. Pale ambapo gharama iliondolewa na hotuba ya ufunguzi bado ikabaki kuwa habari kuu, kilichoamua ni desturi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba udhaifu wa habari za sayansi, teknolojia na elimu kutoka Simiyu hauelezwi vyema na dai kwamba mwandishi hajui. Anajua luseni na mbuga, anajua ekari ya hatua za miguu, anajua shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, kwa sababu huenda mdogo wake anasoma humo. Ujuzi huo unapotea katika safari fupi kutoka daftarini hadi aya ya kwanza, ambako kanuni za utanzu humtaka aanze na cheo, afuatishe agizo na amalizie na shukrani.

Kwa mantiki hiyo, mafunzo yanayolenga kumfundisha mwandishi sayansi pekee hayatatosha. Anahitaji pia ruhusa ya kisarufi: mkulima awe kiima cha kitenzi "kubaini", namba ifuatwe na hesabu yake, na kila habari yenye "ili" iwe pia na "kwa sababu". Wahariri ndio wenye kutoa ruhusa hiyo, na wenye kulipa tofauti kati ya habari ya saa moja na ya siku tatu. Vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari na idara za Kiswahili nazo zina sehemu yake, kwani nathari ya gazeti haitaboreka ikiwa wahakiki wa lugha wanaiona kuwa haifai kuhakikiwa.

Mkulima wa Simiyu ataendelea kupanda, kupulizia na kusubiri mvua, habari iwe nzuri au mbaya. Lakini agizo linaweza tu kumfanya atii au akaidi. Akipewa sababu, anaweza kuipima kwa udongo wake mwenyewe, na kupima ndiyo sayansi ambayo habari ilikuwa imekusudia kuieneza.